Sifa za Prado ya Mheshimiwa

Wanaoibeza Prado ya mheshimiwa hapa Tenke hawajui magari. Ina safu tatu, viti saba, na kila siku inambeba mtu mmoja bila kunung'unika. Safu ya tatu bado imevishwa nailoni ya dukani. Huo ndio utunzaji! Starehe? Vioo vikipanda, vumbi la malori ya shaba yanayoelekea Likasi huachiwa wenyewe, yaani wanafunzi wanaotembea kando ya barabara. Ni pana kuliko darasa lao, tena madirisha yake yametimia. Kobalti yetu iende zake ikaendeshe magari ya umeme ya Wachina. Sisi giza tumeshalizoea, na mheshimiwa ana mazutu. Bei? Hakuna aliyeona risiti, na kisicho na risiti kitakuwaje ghali?