Mwache Mtoto Alale

Zilipobaki siku chache mpwa wangu afanye SAT, ule mtihani ambao vyuo vingi vya Marekani huutazama kabla ya kupokea mtu, nyumba nzima iligeuka kamati ya mitihani. Shangazi yake alileta dagaa, eti wanafungua kichwa. Bibi alipiga marufuku kunyoa, akili zisije zikaondoka na nywele. Mama mtu, yaani dada yangu, aliyesoma enzi za kukesha miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi, hakutaka kuona mtoto amelala saa nne usiku.

"Amka! Wenzako saa hizi wanapiga msuli!"

Wenzake gani, hakusema.

Binti mwenyewe alikuwa ametulia. Alitueleza kwamba tangu 2023 watahiniwa wa nje ya Marekani wanaufanya kwenye kompyuta: maswali 98, saa 2 na dakika 14, na ukikosea hukatwi alama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha swali wazi. Halafu kila somo lina sehemu mbili, na ukifanya vizuri ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi.

"Ukifanya vizuri unaongezewa ugumu?" dada akashangaa. "Huo ni mtihani au mwajiri?"

Kwa maoni yangu, ambayo hakuna aliyeyaomba, kilichokuwa hakijaiva hapo kilikuwa kompyuta, wala si kichwa cha mtoto. Programu ya mtihani, Bluebook, inataka ukamilishe maandalizi ndani ya siku 5 za mwisho ndipo ikupe tiketi ya kuingilia. Na laptopu yetu ukichomoa waya tu inakata roho. Tukaazima ya kijana wa jirani. Imejaa muvi za Kikorea hadi pomoni, programu haina pa kukaa. Kijana akakubali zifutwe, ila kwa sharti asimame hapo azione zikienda, moja moja, na kila moja aifanyie tanzia: "Hii mwishoni dada anakufa. Hii sijaimaliza."

Ijumaa jioni, mkesha wa mtihani, ndipo mtu alipouliza pasipoti ya kujitambulisha mlangoni iko wapi. Dada alijibu kwa fahari: mahali salama. Salama kweli, maana hata yeye hapakumbuki. Tukapekua kabati, tukapindua magodoro, bibi akatuhumu panya, shangazi akamtuhumu shemeji. Umeme nao ukaisha kwenye Luku tukiwa uvunguni mwa kitanda. Mwishowe, kwa tochi za simu, ikaonekana ndani ya foronya, ndani ya sanduku, katikati ya doti za khanga ambazo hazijawahi kufunguliwa.

Vigelegele vikapigwa. Ndipo tukagundua mtahiniwa hayupo kati yetu: alikuwa chumbani, amelala fofofo tangu saa tatu. Dada akaenda kumwamsha, amwambie pasipoti imepatikana, sasa alale bila wasiwasi.