Kijiweni Raskazone: Nyumba Yenye Bei Tatu

Baada ya sala ya alasiri, muuza kahawa hajamaliza hata kugonga vikombe vyake, alitokea Kijana wa Simu akihema, akawaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akatangaza kwamba ami yake aliyeko Maskati, aliyekwisha kuchoka na ugeni, ameona mtandaoni nyumba ya vyumba vinne, Raskazone hii hii ya Tanga, ufukweni, hati safi, kwa shilingi milioni 180, naye yu tayari kutuma arbuni usiku huu.

DALALI: Nyumba hiyo, mwanangu, iko mkononi mwangu, wala hapana dalali mwingine aliyekabidhiwa.

KIJANA: Mbona basi, mjomba, picha hii hii ya kibaraza chenye nguzo za buluu imo katika matangazo mengine mawili, moja likitaka milioni 150 na jingine 220, kila moja na namba yake ya simu?

DALALI: Bei ya mtandaoni ni salamu tu, mapatano huja baadaye. Tena tangu bomba la mafuta la Hoima lielekezwe Chongoleani, bei haikai mahali pamoja.

MAALIM: Umesema kweli bila kukusudia. Ile ni bei aitamaniye muuzaji, si bei iliyopata kulipwa na mtu. Na kwa kuwa zilipwazo aghalabu hubaki baina ya wawili na karatasi zao, mnunuzi aliye mbali hana mizani ila tamaa ya mwenzake.

MZEE WA RELI (akiivuta simu hadi puani): Nguzo hizi nazijua. Nyumba hii iliuzwa mwaka juzi, na mwenyewe ameshaipaka chokaa nyeupe. Tangazo halikufutwa.

DALALI: Lifutwe kwa nini, mzee wangu? Tangazo la nyumba iliyouzwa ndilo liletalo wateja wa zile zisizouzika.

MUUZA KAHAWA: Na huo ufukwe uko umbali gani?

KIJANA: Wameandika hatua kumi.

MAALIM: Hiyo si sifa, ni balaa, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka pwani. Hatua hizo ni za nani?

DALALI: Za gari, Maalim.

MAALIM: Je, ridhaa ya mke wa muuzaji imo pichani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa hiyo. Na ami yako ashika pasi ya wapi?

KIJANA: Ya Omani.

MAALIM: Mola amsitiri! Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa haikummilikisha ardhi asiye raia ila kwa uwekezaji, basi aulize kwanza. Mwambie azuie arbuni. Nawe kesho ukaione nyumba kwa macho, uwaulize majirani na mwenyekiti wa mtaa, kisha upeleke namba ya hati kwa Msajili wa Hati ikafanyiwe upekuzi, maana daftari lile halipambwi kwa rangi wala halina hofu ya kukosa mteja.

KIJANA: Nawe mjomba Dalali, nyumba ukaayo Chuda uliipata mtandao upi?

DALALI: Mtandao? Nilidokezwa hapa hapa na muuza kahawa, wala hakunitoza udalali.

MUUZA KAHAWA: Udalali sikutoza, lakini kahawa ya siku ile nakudai hadi leo.