Mchanga wa Diani

Mimi ni mpiga picha wa ufukweni. Kazi yangu ni kuwapandisha wageni juu ya ngamia pale Diani, kuwaambia wacheke, na kubonyeza. Jua la kwetu ni la kumwaga. Ukikosea picha Diani, kosa ni la mgeni aliyefumba macho, au la ngamia.

Ndiyo maana dada mmoja wa Ukunda anayeishi Ujerumani aliponipigia simu, sikuona ugumu. Anaolewa, akasema, na ndoa itafungwa Mombasa, Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu. Wakwe zake hawasadiki kwamba huku kwetu kuna kanisa la ukubwa ule. Anataka picha za ndani, kanisa likiwa tupu, bila hata mtu mmoja. Nikakubali kabla hajamaliza, maana alikuwa ameshataja pesa.

Sasa, mimi ni Mdigo wa Msambweni, Mwislamu. Kanisa lile nimepita mbele yake mara zisizo na idadi, Barabara ya Nkrumah, nikiwapeleka wageni Ngome ya Yesu. Ile minara yake miwili naijua kama milango ya kwetu. Ndani sikuwahi kutia mguu.

Nikaondoka alfajiri na matatu hadi Likoni, begani kamera, kwapani tripodi, kile kisimamio chenye miguu mitatu ambacho miaka yote kimekaa mchangani kama mimi. Feri ya watembea kwa miguu hailipiwi, kwa hiyo hujaa. Katika kusukumana, mguu mmoja wa tripodi ukanasa kwenye buibui la mama mmoja, tukavuka bahari tumefungamana, tusiojuana. Kule kisiwani akanitazama juu hadi chini, akauliza, "Mwanangu, unanifuata mpaka wapi?"

Kwenye ofisi ya kanisa nikapokelewa na sista mtu mzima. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema. Jibu lake nimelisikia tangu utotoni kwa majirani: Milele amina. Lakini mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa. Ukajibu, "Aleykum salaam."

Kimya. Kisha sista akacheka mpaka akavua miwani. "Wewe umetoka Kwale," akasema, akanikabidhi kwa mzee wa sakristia.

Mzee hakuniruhusu kufungua hata begi kabla ya darasa. Kwamba kanisa hili ni kazi ya mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, likakamilika mwaka 1923. Kwamba Mombasa ilifanywa jimbo 1955, ikapanda kuwa jimbo kuu 1990, na Wakatoliki wa kwetu Kwale wote wako chini yake. "Kwa hiyo na wewe hapa ni kwenu, kwa upande wa ujirani," akahitimisha. Masharti yalikuwa mawili: nisiwashe flashi, nisipande ngazi za altare.

Nikaingia. Kutoka jua la saa nne, sikuona kitu. Macho yalipozoea, zikajitokeza nguzo, matao ya duara yakifuatana kama mawimbi, na vioo vya rangi vikimwaga wekundu na buluu juu ya mabenchi. Nikabonyeza kwa furaha. Picha ya kwanza: vioo vizuri ajabu, na kanisa jeusi kama tako la sufuria. Nikaongeza mwanga. Kanisa likaonekana, vioo vikageuka shuka nyeupe zilizoanikwa. Jicho la binadamu huona dirisha na kivuli kwa pamoja bila kusumbuka. Kamera hulazimika kumpendelea mmoja, kama mume wa wake wawili. Dawa ni kupiga picha tatu bila kuisogeza kamera, moja ya vioo, moja ya katikati, moja ya giza, kisha kuziunganisha kwenye kompyuta. Nikainua kamera ili nipate na dari. Nguzo zikainamiana kama wazee wanaonong'onezana. Nikaishusha.

Picha ya giza ilitaka sekunde nane. Nikabonyeza, nikazuia pumzi. Kwenye kioo cha kamera kanisa lilikuwa limerefuka kuelekea chini, matao yote yamevutika kama ubani. Nikarudia, yakavutika tena. Ilinichukua picha sita kugundua kwamba mguu mmoja wa tripodi ulikuwa ukizama polepole, kwa adabu, kila nilipofungua shata, kile kijipazia cha kamera kinachopitisha mwanga. Lile komeo la kuukaza lilijaa mchanga.

Nikapiga goti katikati ya kanisa kulikagua. Nyuma yangu nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenziwe, "Vijana wacha Mungu bado wapo." Nikaona haya kusimama haraka. Nikakaa pale chini kwa heshima yake, nikilifungua komeo taratibu, na mchanga wa Diani, mweupe kama unga, ukamwagika kwenye sakafu iliyokuwa imedekiwa asubuhi ile ile.

Mwenye ufagio hakuchelewa. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu, "Pole, baba," akaanza kufagia. Nilipohamia nguzo ya pili, nikaacha kijichungu kingine, naye akanifuata. Tukalizunguka kanisa hivyo, mimi nikipanda, yeye akivuna.

Hofu yangu ilikuwa ataingia pichani. Lakini shata ikikaa wazi muda mrefu, kinachotembea hufutika. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Paris kwa dakika kadhaa. Watu na farasi wote waliokuwa wakipita wakapotea, akabaki mtu mmoja aliyesimama akipigwa rangi viatu. Kwangu mimi, yule mama na ufagio wake wakawa moshi mwembamba wa rangi ya kanga. Aliyebaki, kila unywele mahali pake, ni mzee mmoja kwenye benchi la mbele aliyekuwa akisali. Sekunde nane hakutikisika. Mimi mwenyewe sikumwona mpaka picha ilipotoka.

Bibi harusi nilimtumia nikiwa na maelezo ya huyo mzee tayari. Hakuyahitaji. "Huyo mwache," akaandika. "Wakwe waone na ukubwa."

Jumapili nikampelekea mama picha ile Msambweni, nimeichapisha kubwa. Akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Mashallah, kumetakata," akasema. Kisha kidole chake kikashuka polepole mpaka pembeni, chini ya benchi la tatu. "Ila hapa, mbona kama pana mchanga?"