Tutawahi Misa ya Pili

Desemba ikifika, foleni za Dar es Salaam hupungua. Wachagga wamepanda kwao Kilimanjaro, na stendi ya Magufuli pale Mbezi inafurika watu wanaotafuta siti ya Rombo au Machame kwa bei yoyote. Luka anasimulia kwamba Yosefu na Maria walikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Hiyo ilikuwa Bethlehemu. Hawakujaribu kukata tiketi ya Moshi ya tarehe 23.

Ukishafika mgombani, ratiba ni ngumu kuliko ya Bunge. Kuna ndafu wa kuchoma, mbege ya kuonja (kuonja kwenyewe huanza asubuhi), kipaimara cha mtoto wa shangazi, kikao cha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na gari jipya ambalo sharti lipite polepole mbele ya jirani. Na misa? Ipo. "Tutawahi ya pili, mama." Ya pili nayo inaisha ndafu akigeuzwa, na kazi hiyo, nadhani mnaelewa, haiachiwi watoto.

Padri anazijua hizo sura za Desemba. Mchango wa ujenzi wa kigango anautangaza kabla ya mahubiri, wale waliosimama mlangoni wakiwa bado hawajapigiwa simu ya nyama.