Wiki ya Viboko Wawili

Jumatatu
Mfuniko wa kopo la rangi ya bluu umegoma. Nimeukwangua kwa bisibisi mpaka ukafyatuka, rangi ikamwagikia kandambili ya kushoto. Nikatoka kununua mafuta ya taa ya kuisafishia, na hapo ndipo nilipomwona kiboko.

Kijana anayeandika mabango huku Makanyagio amemchora kwenye mlango wa kinyozi. Mwili wote umo majini, juu yamebaki masikio, macho na pua. Chini ya kila jicho kapitisha mstari mmoja mweupe, mwembamba kama uzi, na kwa mstari huo maji yanacheza. Nimesimama pale hadi kinyozi akaniuliza kama nanyoa.

Nina miaka kumi na minane katika kazi hii, na mstari ule sijawahi kuufikiria. Mafundi wengi wakikutana na kazi kama hiyo husema, "Aa, mimi nabahatisha tu," kisha brashi zinakaukia kwenye kopo. Maneno hayo siyataki kinywani mwangu. Hayamsifu aliyechora, na hayamfundishi anayeyasema. Nitamjibu kiboko kwa kiboko.

Mafuta ya taa nimeyasahau dukani.

Jumanne
Nimekata hardibodi, futi mbili kwa mbili, nikaipaka ardhi ya njano na kuianika. Mchana nimechora kichwa. Kuku wa jirani akapita juu yake, nyayo tatu. Nimezifuta kwa thina, na sikio la kulia likaondoka pamoja nazo.

Jumatano
Nimekwenda Sitalike kuwatazama viboko wenyewe. Tairi la gari limepasuka njiani, tumekaa saa nzima chini ya mti. Kiangazi hiki Mto Katuma umepungua, wamelaliana kwenye tope kama magunia. Kalamu imekata wino nikiwa kwenye kiboko wa pili, nikamalizia kwa kijiti cha mkaa nilichomwomba mama muuza mahindi.

Nimeona jambo moja. Kwenye tope, chini ya jicho hakuna weupe. Kuna ukingo wa udongo uliokauka, rangi ya chungu.

Alhamisi
Vumbi limeganda kwenye ubao ukiwa mbichi. Nimesubiri ukauke, nikasugua kwa msasa, nikaanza upya.

Mwanafunzi wangu kauliza, "Kaka, kwani huko si kumwiga yule kijana?" Nimemweleza habari za Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za mraba, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu. Waliokuwa wanajifunza kwake, Simon Mpata na Ajaba Abdallah miongoni mwao, walichora kwa rangi ileile na mbao zilezile, na ukitazama vizuri kila mmoja ana mkono wake. Wangekaa wakisema hawamfikii mwalimu, jina la Tingatinga lingeishia mwaka ule.

Ijumaa
Kiboko wangu amekamilika. Mstari chini ya jicho ni wa kijana, udongo ni wa Katuma. Nimempelekea, nikamwambia nimeupata wapi.

Akashika ubao kwa mikono miwili. "Kaka, mimi kwako bado sana."

"Hilo liache, mdogo wangu. Niambie unaona nini."

Akanyamaza. Akausogeza kwenye mwanga, akauinamisha. Kisha akasema sikio la kulia limekaa juu mno, na kwamba ile rangi ya udongo anataka kuijaribu kwenye mamba wake. Ni kweli kuhusu sikio. Ni lile la kuku.

Jumamosi
Nimelishusha sikio kwa upana wa kidole. Mama mwenye mgahawa kaununua ubao, kautundika juu ya meza ya chai. Kutoka pale hadi mlango wa kinyozi ni hatua ishirini. Ukipita Makanyagio, anza kwa kinyozi, maana yeye ndiye aliyetangulia.