Mshenga wa Nusu Mdomo

Singida jino likiuma ushauri ni mmoja: ling'oe. Karafuu na maji ya chumvi ni vya kuvutia muda tu. Visima vingi vya huku vina floraidi, meno yetu ni ya kahawia tangu utotoni, kwa hiyo jino moja likiondoka hakuna anayeweka matanga.

Gego langu la chini lilinitesa zaidi usiku. Ukilala damu huzidi kichwani, na kiini cha jino, ile nyama laini yenye mishipa ya fahamu, kikivimba ndani ya kuta ngumu hakina pa kutanukia. Daktari akanishawishi tutibu mzizi. Akanichoma ganzi, akatoboa gego, akaanza kukomba kiini kwa visindano vyembamba. Mwaka 1838 Mmarekani Edward Maynard alichonga kifaa cha namna hiyo kutoka kwenye springi ya saa, nami nilijiona saa kweli: nimefunguliwa, naoshwa kwa dawa inayonuka jiki, mfereji mmoja baada ya mwingine.

Tatizo, jioni ile nilitakiwa Ilongero kumposea binamu yangu. Mimi ndiye mshenga. Na ganzi ya gego la chini haiishii kwenye gego. Hulaza mdomo na nusu ya ulimi kwa saa kadhaa.

Shikamoo yangu ilitoka na mate. Nilipofikia idadi ya ng'ombe, mdomo ukaning'inia, wazee wakatazamana. "Huyu kalewa hata pombe haijaletwa?" Nikahamia kwenye vidole. Chai nayo ikaishia kwenye kola.

Kisha akaletwa kuku, kuku wa kienyeji wa Singida hasa, paja limelalia ugali, mafuta ya alizeti yanang'aa. Nami nimekatazwa kutafuna mpaka ganzi iishe, nisije nikala shavu langu mwenyewe. Nikaomba mlenda. Mama mwenye nyumba akanuna waziwazi.

Ikabidi nieleze, kwa ishara na kwa maneno yaliyobaki. Mzee mmoja mwenye meno matatu, firigisi mkononi, akasikiliza kwa makini.

"Kwa hiyo wamekutoa vya ndani, gamba wakakuachia?"

Nikaitikia.

"Kwa shilingi ngapi?"

Nikaandika kwenye simu. Akaisoma, akampitishia mwenzake, simu ikazunguka jamvi zima.

"Mwanangu, kwa hela hizi ungeng'olewa yote na chenji ikabaki."

Wakanong'onezana kidogo. Mahari ikapanda kwa ng'ombe mmoja: watu wenye uwezo wa kukarabati gego hawawezi kuja kulia njaa Ilongero.