Shajara ya Mgongo

Jumatatu, Mwanjelwa. Soksi ya kushoto imeingia vizuri. Ya kulia haikufikika, hivyo nimefungua duka na moja. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanateremka nyuma ya paja mpaka kidole gumba cha mguu. Jirani muuza viazi, anayebebesha vijana lumbesa mwaka mzima, amesema ni baridi ya Mbeya tu.

Jumanne. Daktari amenitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akauliza kama nina homa za jioni au nimekonda, maana kifua kikuu nacho hula pingili. Akauliza kama mkojo unanitoka bila habari, na kama sehemu za siri zimekufa ganzi. Hayo yakitokea ni mbio hospitali siku hiyohiyo. Nimejibu hapana, kwa sauti. Chumba hakina mlango, kina pazia. Shemeji alikuwa kwenye benchi la nje.

Jumatano. Picha imetoka. Kingo za pingili zimeota vinundu vya mfupa, vimepinda kama mdomo wa kasuku. Diski zikisinyaa, mwili huongeza mfupa pembeni ili pingili zitulie. Wengi waliovuka miaka 60 wanavyo na wanalima kama kawaida. Kesi ni pale kinundu kinapobana mshipa wa fahamu. Vidonge vinatuliza tu, kinundu hakiyeyuki. Upasuaji ni kwa mguu unaozidi kulegea, au maumivu yaliyogoma kila tiba. Mimi nimepewa diklofenaki, nile nimeshiba, na mazoezi. Nimekatazwa kubeba vizito. Nikainama kuokota bahasha ya picha, mgongo ukakaza hapohapo.

Alhamisi. Safari ya Iringa, kipaimara cha mtoto wa shemeji. Kiti kilichobaki ni cha nyuma kabisa. Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga: kila penye nyumba pana matuta. Konda ameniomba nisigune, natisha abiria.

Ijumaa, Iringa. Nimeinama kumwamkia mama mkwe. Kuinuka kukagoma. Nimebaki hapo mpaka chai ikaletwa. Amewaambia wageni kwamba katika wakwe zake hakuna mwenye adabu kama mimi.

Jumamosi. Mjomba wa mke wangu amekuja na mafuta, anataka kunikanyaga mgongo. Nimemwonyesha picha. Ameiinua dirishani, juu chini, akasema mapafu ni mazima. Nimefanya mazoezi mkekani: magoti kifuani, kisha kuinua kiuno. Watoto wamejipanga kando yangu, wanahesabu. Wageni wa kipaimara walidhani ni sehemu ya shughuli.

Jumapili. Maumivu yamepanda kutoka kidoleni, yameishia pajani. Mtaalamu wa viungo aliyenifundisha mazoezi alisema yakirudi juu hivyo ni dalili njema. Nimepata kiti cha mbele. Mama mkwe amenisindikiza stendi na kiroba cha mahindi cha kilo 50. Amesisitiza nikibebe mwenyewe, wapagazi hawaaminiki.